Mashine Isiyofunika Yowe

Idrisa mwanangu,

Sikuulizi hali yako, maana nasikia unavyokoroma upande wa pili wa ukuta. Huku kwangu mashine ya kung'arishia mawe inafanya kazi, na ninaandika juu ya kifuniko cha boksi lake. Angalia mwandiko. Ni mbaya kama siku zote, lakini haujatikisika.

Habari za soksi, dawa ya malaria na kutogombana na mpishi wa kambi, mama yako ameshakuambia mpaka umechoka kuitikia. Mimi sina la kuongeza hapo. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema jioni tukiwa mkekani tunakula.

Mama yako alikuuliza ukimkuta mfugaji ameingiza ng'ombe hifadhini utafanyaje. Ulicheka na tonge mdomoni. Ukasema, "Mama, hao mimi siwaulizi mara mbili. Si mtoto wa Panga Moja?" Halafu ukanitazama mimi, ukisubiri nicheke. Nikanyanyuka kunawa. Ulidhani nimeshiba. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika chakula chote, ndipo nikarudi kukutakia usiku mwema.

Kesho unakwenda Mikumi, na kutoka hapo kambini kujifunza uaskari wa wanyamapori, na mwisho wa mafunzo watakupa bunduki. Wazazi wenzangu hapa Mabwerebwere wananiambia nimuogope simba. Simba simuogopi. Nakuogopa wewe. Hasira uliyonayo ni ya kwangu, naifahamu inavyopanda, nafahamu hata unavyobana taya la kushoto kabla hujampiga mtu. Ulipomvunja meno yule mwanafunzi mwenzako kwa jiwe, kwa sababu tu alisema baba yako si lolote, watu walicheka wakasema damu haipotei. Na mimi nilisimama pale nikacheka nao.

Isome barua hii ndani ya basi. Ukifika Mikumi uwe umeimaliza, maana kuna mtu pale anakungoja, na huyo mtu ndiye sababu ya barua yote.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini nilihangaika muda wote ule kuinyamazisha mashine, wakati mteja wa Mikumi ananunua mng'ao wa jiwe, hanunui ukimya. Nilikujibu kwamba ni kwa ajili ya majirani. Nilikudanganya. Majirani nimewahi kuwakera bila kujali hata kidogo.

Mashine ya kwanza niliijenga kijijini kwetu Rudewa, wewe ukiwa ndiyo kwanza unatembea na kuanguka. Kazi nilijifunza kwa mnunuzi mmoja wa mawe Morogoro. Alikuwa na beseni la chuma linalotetema. Unatia mawe, maji na unga wa msasa, unaliacha litetemeke siku na siku, na jiwe linalotoka hapo ungeapa limepakwa mafuta. Nilirudi nyumbani nikiwa na wazimu wa kitu kile. Mawe nilikuwa nayaokota mwenyewe kando ya reli Munisagara, kule mto unapobanwa na milima, na ganeti, vile vito vyekundu, za bei rahisi nilinunua kwa wachimbaji. Mashine nikaiunda kwa nilichokipata. Nilikata pipa la chuma nusu, nikalichomelea kwenye sahani ya bati nene, nikaliweka juu ya springi za kiti cha lori. Chini yake nikafunga mota ya mashine ya kusaga, mota kubwa kuliko kazi yenyewe, na kwenye shafti nikabana bonge la chuma upande mmoja. Shafti ikizunguka, lile bonge linaivuta mashine nzima huku na huku. Hapo ndipo mtetemo unapotoka.

Idrisa, lile dude lilikuwa linapiga. Chuma kwenye chuma, mawe kwenye chuma, springi kwenye saruji. Sufuria za mama yako zilikuwa zikitembea zenyewe rafuni mpaka zinadondoka. Kuku waliacha kutaga. Na mimi nilipenda. Nilikuwa nasimama katikati ya kelele ile nikijiona mwanamume. Nilikuwa kijana mwenye hasira na dunia nzima, na sasa nilikuwa na kitu chenye kelele kuliko mimi.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze kuhusu yowe. Kule shambani likitokea jambo, moto au wezi au ugomvi wa mifugo, wa kwanza anapiga yowe. Nyumba iliyo karibu ikisikia, inapiga na yenyewe kabla watu wake hawajatoka mbio. Ya tatu inapokea, ya nne vilevile, mpaka sauti inapanda kutoka bondeni hadi nyumba za juu. Hakuna anayeruhusiwa kulisikia akanyamaza. Nyumba yetu ilikuwa pale njia inapokata kona, katikati ya mashamba na nyumba za juu, hakuna nyingine karibu. Yowe la bondeni lilikuwa halina pa kupitia isipokuwa kwangu.

Mzee Mbaraka, jirani yetu wa chini, alikuja kuniambia. Aliniita nje kwa mikono maana sauti haikufaa.

"Athumani, hiki chuma chako kinatuziba masikio. Likipigwa yowe utalipokeaje?"

Nilimjibu jibu ambalo hata leo siwezi kuliandika, kwa mtu aliyemzidi umri baba yangu. Sikumpa hata shikamoo siku ile. Akageuka akaenda zake.

Sasa nifike penyewe. Ilikuwa mchana kweupe. Nasema hivyo kwa sababu unapohadithia wenzako unaweka giza, na giza halikuwepo.

Ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya baba yako mdogo Salumu. Wewe unaijua habari kuanzia pale wafugaji walipomzunguka kwa virungu. Kuna kipande cha kabla yake ambacho sisi wa ukoo hatukisemi kwenye matanga. Salumu alipowakuta ng'ombe shambani hakuita mtu. Alimshika ndama akamkata mishipa ya miguu ya nyuma kwa panga, akamwacha anaburuza makalio kwenye mahindi huku analia. Vijana waliokuwa wanachunga walimsikia ndama. Wakaja. Wakampiga Salumu kichwani na mbavuni hata alipokwisha kuanguka, kisha wakakimbia na mifugo yao. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia shamba la pili akapiga yowe, na Mzee Mbaraka akalipokea. Likafika kwangu, na kwangu ndipo lilipofia. Pipa langu lilikuwa linanguruma, na nyumba za juu hazikusikia kitu.

Lekishoni alilisikia. Huyu ni mfugaji aliyekuwa anatuletea maziwa kila asubuhi. Humkumbuki, lakini ulikuwa ukimwona unalia mpaka akuweke mabegani, na ulikuwa unamvuta ndewe za masikio. Alikuwa anapita bondeni na madumu yake. Aliyaacha njiani akakimbilia yowe kama sisi tunavyokimbilia. Akamkuta Salumu chini, akamwinua, akamlaza kichwa juu ya shuka lake. Wanawake walikuwa wawili watatu na Mzee Mbaraka, hawawezi kumbeba mtu mzima mpaka barabarani. Wakangoja wanaume wa juu. Hawakuja. Ndipo Lekishoni akasema, "Mimi naenda kumwita kaka yake," akapandisha mbio kuja kwetu.

Mimi wakati huo ndiyo nimezima mota niongeze maji kwenye mawe. Nikatoka nje kufuata ndoo. Masikio yangu yalikuwa bado yanavuma, unajua yanavyovuma ukitoka kwenye mashine. Nikaona shuka jekundu linanijia mbio, lina damu kifuani, na rungu mkononi. Nyuma yake kwa mbali naona watu wamekusanyika kwenye mahindi. Panga lilikuwa limeegemea ukuta.

Uso sikuuona. Niliona shuka. Nataka uelewe hilo, maana huyu ni mtu aliyekuwa anakunywa chai kwangu, na kwa umbali ule ningemtambua mbuzi wangu kati ya mbuzi mia. Alinyoosha mkono kama mtu anayesema ngoja. Niliona midomo yake inatembea na sikusikia neno. Nikamkata ule mkono alioninyooshea. Panga lilifika mfupa na nikausikia mfupa kwenye kiganja changu, kwenye mpini. Akasema tena kitu. Nikamkata bega. Alipokuwa chini nikampiga teke la mbavu, kisha jingine, na nakuambia ukweli wangu wote, Idrisa: wakati ule nilikuwa najisikia vizuri. Kifua kilikuwa chepesi. Nilikuwa nimeusubiri wepesi ule tangu utoto nilipokuwa nachapwa na babu yako.

Mashine ikiwa imezimwa, yowe likapita, na watu wakaanza kushuka kutoka nyumba za juu. Wakaona mfugaji ana damu, mimi nina panga. Hakuna aliyeuliza. Mmoja akashika jembe, mwingine jiwe. Mama yako ndiye aliyetoka jikoni akatazama uso. Akasema, "Huyu ni Lekishoni wa maziwa." Hawakumsikia, au hawakutaka. Basi akajilaza juu yake. Alimlalia kifudifudi na kanga yake, na mpini wa jembe uliokuwa unashuka ukamshukia yeye mgongoni. Kila kipupwe ukimsikia analalamika mgongo huwa unamwambia apunguze kulima. Si kulima.

Salumu alibebwa juu ya kitanda kuelekea zahanati, lakini alikuwa amemwaga damu nyingi mno wakati wa kungoja. Alifia njiani. Mungu amrehemu, na amsamehe kwa ajili ya ndama yule.

Kesi ilifunguliwa ikajifia yenyewe, kwa sababu kila upande ulikuwa na damu ya kuficha, na wazee wa pande zote wakakaa wakamaliza kwa maneno. Lekishoni alipona, mkono wa kulia ukabaki umekunjika kama ulivyoshonwa. Kwenye matanga wanaume walikuja kunigonga bega. "Angalau wewe umemkata mmoja." Ndipo lilipozaliwa jina Panga Moja. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo pale na kusema huyo mnayesifia kukatwa kwake alikuwa anakuja kutusaidia. Nikanyamaza, nikala wali wa matanga. Panga nililishika kwa muda mfupi sana. Ule ukimya nimeushika mpaka wewe umeota ndevu.

Baada ya siku chache nikachukua nyundo kubwa nikaivunja mashine. Nilipiga pipa, nikapiga mota mpaka shaba ikatoka nje kama matumbo ya kuku, nikapiga springi zikarukia bati la nyumba. Mama yako alisimama mlangoni na wewe kiunoni. Nilipochoka akaniuliza, "Umemaliza?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi okota, mtoto atajikata."

Tukahamia hapa Mabwerebwere, mjini Kilosa, nikawa fundi wa pampu. Na kelele yoyote ikawa inanipandisha mori. Redio ya jirani niliitupa mtaroni, tukapigana mpaka tukatenganishwa. Na kovu lililo juu ya nyusi yako, ambalo umeambiwa ulianguka kwenye ngazi ya kisima: hukuanguka. Ulikuwa umekaa uani unapiga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, unaimba. Nilikurushia mkanda wa mashine wenye kifungo cha chuma. Ulikuwa na wimbo mdomoni. Damu ilikuingia jichoni, nawe ukanikimbilia mimi, niliyekupiga, ukinionyesha umeumia. Nimepigana na watu wazima wengi na hakuna aliyewahi kunipiga vile.

Miaka ikaenda. Siku moja niliitwa Mikumi kutengeneza pampu ya nyumba moja ya wageni. Nilipomaliza nikaenda stendi kungoja gari la kurudi, na pale kando ya wauza ndizi nikamwona mtu amekaa juu ya tairi bovu anakata katambuga, vile viatu vya raba ya tairi. Kisu alikuwa ameshika kwa mkono wa kushoto. Raba aliibana kwa kidole gumba cha mguu, maana mkono wa kulia ulikuwa hausaidii. Nilimtambua kabla sijaona uso. Safari hii nilimtambua.

Nilizunguka stendi ile nikaacha gari likaondoka. Mwisho nikaenda nikasimama mbele yake.

"Lekishoni."

"Nimesikia," alisema, akaendelea kukata. "Mimi nasikia vizuri."

Akakata mpaka mwisho wa ule mstari, akaweka kisu chini.

"Baba Idrisa, siku ile nilikuambia nini?"

"Sikusikia."

"Nilikuwa mbali?"

"Hapana."

"Nilikuwa kama kutoka hapa mpaka kwenye birika la yule mama muuza chai. Nilikuambia, Salumu yu hai, lete kitanda tumbebe. Nikakuambia tena. Hiyo ya pili ulikuwa umeshanikata."

Salumu yu hai, lete kitanda. Nilikuwa na kitanda nyuma ya mlango, Idrisa. Cha kamba, chepesi.

Lekishoni akasimama. Akachukua katambuga moja nzito akanipiga nayo mdomoni. Nikasikia jino limelegea. Akanipiga tena upande wa pili, sikio likaita. Wauza ndizi wakaruka kumshika, vijana wa bodaboda wakaja mbio wakitaka kujua Mmasai anampigia nini mtu, na mmoja alishaokota jiwe. Nikawazuia kwa mikono yote miwili huku natema damu. "Mwacheni. Ananidai." Wakaacha, lakini shingo upande. Nikamgeukia, nikamngoja aendelee. Akakaa kwenye tairi lake.

"Ile mashine bado unayo?"

"Niliivunja."

"Ulivunja chuma," akasema. "Chuma hakikunikata."

Nilirudi Kilosa mdomo umevimba, nikamwambia mama yako nimegongwa na mpini wa pampu. Na njia nzima ya kurudi nilikuwa nimewaza jambo moja: nataka kuijenga tena. Biashara haikuniingia akilini kabisa. Nilitaka kujua kama naweza kufanya kazi ileile, jiwe lilelile ling'ae vilevile, na mtu akisema nami kwa sauti ya kawaida nimsikie.

Sehemu ya ujenzi wewe umeiona kwa macho yako, ulikuwa unapita ukitoka shule ukinicheka. Lakini uliona mikono tu.

Nilianza na mota ndogo, ya feni. Kwenye shafti nikafunga kipande kidogo cha chuma na kila siku nikakipunguza kwa tupa, nikijaribu, nikipunguza tena, mpaka mtetemo ukaacha kugonga ukabaki kama paka anavyokoroma. Pipa nikaliacha, nikachukua ndoo ya plastiki. Raba nilikwenda kununua kwa Lekishoni. Aliniuzia, hakunipa, na alinipandishia bei. Nilipomwonyesha nataka raba ngumu ya tairi ya kuwekea springi, akatikisa kichwa. "Hiyo inapitisha. Ukivaa katambuga ya tairi tupu, goti linauma jioni. Tia tyubu katikati." Nikatia tyubu. Kila springi ikakaa kwenye kikombe cha tyubu, juu na chini, chuma kisiguse chuma popote. Ndoo nayo nikaivalisha tyubu ndani.

Bado ilikuwa inapiga, na nikagundua wanaopiga kelele sasa ni mawe yenyewe. Nilikuwa natia machache, nikidhani nayapa nafasi. Yakiwa na nafasi yanarukiana, yanavunjana ncha, na ganeti inatoka na makovu meupe. Nilipoijaza ndoo karibu na shingo yakatulia, yakawa yanapishana na kusuguana polepole. Mawe machache nilikuwa nayaua bure.

Halafu boksi. Nilikwenda Rudewa, kwa mara ya kwanza tangu tuhame, nikaomba makapi ya katani kwenye shamba la zamani la mkonge. Nikayashindilia kati ya mbao na mbao. Mashine ikawa kimya kabisa, nikaita mama yako kwa majivuno, na wakati anakuja mota ikaungua kwa kukosa hewa. Moshi ulijaa nyumba. Nilishika tupa nikaitupa ukutani kwa nguvu zangu zote, ikapita karibu na kichwa chake ikakwama kwenye mlango. Tundu lile lenye msumari unaotundikia kofia ndilo hilo. Mama yako hakupiga kelele. Aliing'oa tupa, akaniwekea mkononi, akasema, "Ukinirushia tena naondoka na mtoto." Hilo nililisikia vizuri sana. Nikanunua mota nyingine, nikatoboa njia ya hewa yenye kona, hewa ipite na sauti ipotelee njiani. Na hasira ikinipanda nikawa natoka, nazunguka nyumba, narudi. Haikuisha. Mpaka leo natoka, nazunguka nyumba. Ulidhani napunga upepo.

Mtihani wa mashine ulikuwa wa mama yako. Anasimama getini, anasema nami kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, haongezi. Mimi nakaa hapa ndani na mashine inafanya kazi. Kwa muda mrefu sikusikia kitu, naona tu kivuli chake mlangoni, amekuja kunitazama, na mimi najua nimeshindwa. Mpaka jioni ile. Nilikuwa nimeinama napanga magunzi ya mahindi ya kung'arishia mwisho, nikasikia, "Baba Idrisa, njoo ule, chakula kinapoa." Mashine ilikuwa inatetema magotini kwangu. Nikalia kwa sauti kama mtoto, mpaka wewe ukaja kuuliza nani amekufa.

Sasa yule anayekungoja umeshamjua. Mimi na Lekishoni hatuna urafiki, usije ukadhani. Nilimwalika aje aione mashine, akakataa. Lakini juzi nilikwenda kumwambia umepata kazi, na hapo ndipo alipoacha kukata.

"Yule wa mabegani? Atapewa bunduki?"

"Ndiyo."

"Anajua?"

"Anajua ile ya watu."

Akaupapasa ule mkono. "Apite hapa."

"Nitamleta."

"Wewe usije. Aje peke yake, nimwambie kwa mdomo wangu."

Ndiyo maana kesho sikusindikizi zaidi ya stendi ya Kilosa, na mama yako ameambiwa asikuhimize uniulize sababu. Kwa miaka yote hii nimekuachia baba wa uongo, ukampenda, ukapigana kwa ajili yake. Naumia kumuua usiku wa mwisho kabla hujaondoka, lakini ningekuacha naye ungempeleka porini na bunduki.

Yupo kando ya wauza ndizi, juu ya tairi. Gari lako la kambini litachelewa, yanachelewa siku zote, muda utakuwepo. Mwamkie. Shikamoo yako itoe vizuri, na usikae mpaka akuambie ukae. Huenda akakupiga, usirudishe mkono, na vijana wakija kukutetea uwazuie. Huenda akakuonyesha ule mkono. Uangalie, usikwepeshe macho. Akimaliza, kama umeona hutaki kuniita baba mbele ya watu, nitalimeza hilo. Na kama utashindwa hata kumsogelea, panda gari la kurudi Kilosa. Nitakuwa stendi jioni, nitakupokea begi, nitakula na wewe, na sitakusema. Kazi ya bunduki tutaiacha.

Lakini ukimwamkia na kumsikiliza, nenda. Nenda kachukue hiyo bunduki, mwanangu, na siku moja huko porini ukamwona mtu anakukimbilia, ana damu kwenye shuka na mdomo wake unatembea, mwache amalize kusema.

Baba yako,
Athumani